Vifua vya Waliokwenda Kusoma Ulaya

Nimestaafu tangu mwisho wa mvua zilizopita, na tayari vijana wa dispanseri wamenijia nyumbani mara tatu kuniuliza mashine kubwa hupigwa kofi upande gani inapokataa kuwaka. Haipigwi kofi. Inangojewa. Mengine nimeamua kuyaandika, maana nikieleza kwa mdomo natangatanga, na mke wangu huingilia kati kunisahihisha. Vyeo sitaviandika. Nilipanda, wakanishusha, nikapanda tena, na muda wote kiti changu kilikuwa kilekile chenye mguu mmoja mfupi. Nitaandika kazi. Kiswahili changu hapa ni kile nilichofundishwa na mapadri, lakini watu nitawaacha waseme kama tunavyosema Lubumbashi.

Niliingia dispanseri ya kifua mwaka uliofuata ule mji wetu ulipobadilishwa jina ukaitwa Lubumbashi. Nilikuwa na cheti cha shule, suruali moja ya kutokea, na woga wa mashine. Fundi wa picha alikuwa Papa Mukendi, mtu wa Kasai aliyeletwa huku akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakunipa mkono, kwa sababu mikono yake ilikuwa imelowa dawa ya kuoshea picha. Akanivalisha aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia miale, mabega yangu yakashuka.

"Iko nzito?" akauliza.

"Ndiyo, Papa."

"Muzuri. Siku utasikia haiko nzito, ujue umesahau kuivaa."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza. Ya pili, alinifungia kwenye chumba cha giza chenye taa moja nyekundu, akaniambia nitie filamu ndani ya kaseti, kile kisanduku chake bapa, kwa kupapasa mpaka vidole vijue njia. Mchana nilipotoka, jua lilinipiga usoni kama mtu aliyetoka jela.

Picha ya kifua sisi tunaiita radio, na ile filamu yenyewe tunaiita klishe. Klishe nzuri hutaka mambo matatu ambayo serikali haikutuletea kwa pamoja hata mara moja: umeme usioyumba, dawa mpya, na maji ya vuguvugu. Juni na Julai baridi yetu hushika dawa ikalala, na picha hutoka hafifu kama ya mzimu. Papa Mukendi alikuwa anawasha mbabula, jiko letu la makaa, uani, anachemsha birika, na kukalisha beseni la dawa ndani ya maji ya moto. Kipimajoto kilikuwa kidole chake kidogo. Herufi zetu za risasi, zile za kuonyesha upande wa kulia na wa kushoto, zilipopotea, alichonga nyingine kutoka kwenye risasi ya kuzamishia nyavu aliyoomba kwa wauza samaki. Kwa miaka mingi mapafu ya watu wa Lubumbashi yaliandikwa kulia na kushoto kwa risasi ya kuvulia samaki, na hakuna aliyelalamika.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wanaume wa migodini. Lakini kila mwaka baridi ilipoanza walikuja pia wale tuliowaita wasafiri: vijana waliopata bursi, yaani ufadhili wa serikali, ya kwenda kusoma ng'ambo. Hakuna nchi iliyokubali mwanafunzi bila klishe safi ya kifua. Kwa hiyo kabla ya pasipoti, kabla ya koti zito, kabla ya mama kulia uwanjani pa ndege, kijana alipita kwanza kwangu akavua shati. Majina yao yalikuwa na daftari lake, na mwisho wa mstari daktari alipiga mhuri mmoja kati ya miwili, "Apte" kwa anayefaa, "Inapte" kwa asiyefaa. Ule wa pili wino wake ulikauka mara kwa mara kwa kukosa kazi, na sisi tuliupenda hivyo.

Kama mtu anataka kujua ni vijana wangapi walitoka kwetu kwenda kusoma nje, na lini walizidi na lini walipungua, sina hesabu za wizara. Nina unene wa lile daftari. Miaka ya kwanza msimu mzima uliisha katika kurasa chache. Walikuwa wavulana watupu, wengi wao wa seminari, wenye mbavu za kuhesabika bila mashine, na safu ya "nchi" ilisema Ubelgiji kutoka juu mpaka chini. Halafu shaba ikawa na nguvu. Mstari ulianza kutoka nje ya geti letu, ukazunguka ukuta. Walikuja wa Kambove, wa Likasi, wa Kasenga, na masanduku yao ya mbao, wakalala kwa wajomba wasiowajua. Safu ya nchi ikachanganyika: Ufaransa, Kanada, Uswisi, Rumania. Tulimaliza daftari moja kwa msimu, tukaomba la pili. Papa Mukendi alikuwa anasema, "Hawa banaenda bote. Nani atabakia wa kutuzika?"

Na wasichana wakaanza kuja. Mwanzoni mmoja, akiongozwa na mtawa, kichwa kimenyolewa kama kanuni ya shule yao ilivyotaka. Baadaye wawili, watatu. Hapo ndipo inaanza habari ninayotaka muisome kwa makini, ninyi mnaoshika mashine sasa.

Mwaka mmoja katika miaka ile minene alikuja msichana wa Kasenga, jina lake Chola. Baba yake alikuwa amekufa mtoni, alilelewa na shangazi yake muuza samaki. Alikuwa amepata bursi ya kusoma kemia Ubelgiji. Nilimpiga radio mwenyewe. Alisimama vizuri, kidevu juu, hakucheka, hakuogopa. Klishe ilipotoka, juu ya pafu la kulia, karibu na mfupa wa bega, kulikuwa na kivuli. Kilikuwa laini, chenye mistari, kama moshi uliosimama.

Daktari wetu alikiangalia muda mrefu kwenye sanduku la mwanga. Alikuwa mtu mzuri, mmoja wa wale wavulana wa kurasa za kwanza, aliyesoma na kurudi. Akaagiza makohozi yapimwe. Mara tatu hayakuonyesha kitu. Lakini kivuli kilikuwa pale, na mahali pale ndipo kifua kikuu hupenda kukaa. Akapiga mhuri wa "Inapte", akamwandikia sindano za miezi mingi na vidonge. Nafasi ilipewa aliyemfuata kwenye listi. Mimi ndiye niliyempelekea Chola karatasi kwenye benchi. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama dawa zinapatikana Kasenga. Nikamwambia zinapatikana. Nilikwenda kula chakula cha mchana, na ninakiri nilikula vizuri.

Mwaka uliofuata mstari wetu ukawa mfupi ghafula. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka huko inakoangukia, na watu wa ofisini walisema listi itakatwa, na mwaka ujao pengine haitakuwepo kabisa. Waliokuja walikuja na nyuso za watu wanaokimbilia treni ya mwisho. Mmoja wao alikuwa Ngalula, binti wa fundi cherehani wa Kasai anayekaa komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Alikuwa anakwenda Ubelgiji kusoma fizikia. Alikuwa na mdomo usiofungwa. Aliniuliza volti za mashine, akaniuliza kwa nini ukuta wetu una risasi na mlango hauna, swali ambalo mpaka leo sijajibiwa na wakubwa.

Nikampiga. Nikaingia chumba cha giza. Picha ilipoanza kujitokeza kwenye beseni, niliinama karibu zaidi. Juu ya pafu la kulia, karibu na mfupa wa bega, kivuli. Laini, chenye mistari.

Nilitoka na klishe inachuruzika maji. Kwa kawaida hatuwaonyeshi. Lakini yeye alikuwa amesimama mlangoni, akaona uso wangu, akainua shingo akaitazama dhidi ya dirisha.

"Papa, ile mistari ni nini?"

"Ngoja munganga, mwanangu. Yeye njo atasema."

"Hapana, ngoja." Akasogea. Akaweka kidole karibu na klishe bila kuigusa, akafuata kivuli kutoka chini kwenda juu, kikapita pafu, kikapita mfupa wa bega, kikaenda mpaka nje ya mwili, mahali ambapo hapana mwili tena. "Papa, angalia muzuri. Bugonjwa gani inatoka inje ya muntu?"

Nikaangalia. Kweli, mstari mmoja mwembamba ulikuwa unaendelea nje ya bega, kwenye weusi mtupu.

Akashika nywele zake. Mwaka ule na uliotangulia, pamoja na amri ya kuacha majina ya ubatizo na kushika ya mababu, mtindo wa nywele za uzi ulikuwa umerudi kwa nguvu: unagawa nywele mafungu, unazungushia uzi mweusi mpaka zinakaza kama kamba. Yeye alikuwa amezikusanya zote upande mmoja, zikaangukia nyuma ya bega la kulia.

"Iko nywele yangu, Papa," akasema. "Haiko bugonjwa. Iko nywele!"

Nilimwambia azifunge juu ya kichwa, nikampa kipande cha bendeji, nikampiga tena. Ile klishe ya pili niliingoja kwenye taa nyekundu nikiwa nimeshikilia ukingo wa beseni. Ikatoka. Mapafu mawili safi kama vioo vya kanisa. Nilicheka peke yangu gizani. Nilitoka nikamshika Ngalula mabega, nikamtikisa, naye akacheka, tukasahau wagonjwa waliokuwa wanangoja.

Papa Mukendi, aliyekuwa amebakiza msimu mmoja tu wa kazi, alikuja kuona kelele ni za nini. Nikamwonyesha klishe mbili, moja baada ya nyingine. Alizitazama. Kwa miaka yote alikuwa amenifundisha kwamba bantu njo banadanganya, klishe haidanganye. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena.

"Kyembe," akaniita jina langu, polepole. "Na ule wa Kasenga?"

Nikaziweka klishe zote mbili mezani.

Tulitoa faili ya Chola kabatini. Klishe yake ilikuwa na kivuli kilekile, na tulipoisogeza karibu na taa tukaona: kule juu, pembeni kabisa, chini ya herufi yetu ya risasi ya samaki, mstari mwembamba ulitoka nje ya bega. Na kwenye jalada la faili, kwa pini, ilikuwepo picha yake ndogo ya pasipoti. Nywele za uzi, zimekusanywa kulia. Picha hiyo ilikuwa imekaa mwaka mzima sentimita chache kutoka kwenye klishe, na sisi watu watatu wenye macho, daktari, Papa Mukendi na mimi, tulikuwa tumefungua faili ile mara nyingi.

Nilikwenda kwa daktari na faili mkononi. Cheti cha Ngalula alikipigia "Apte" papo hapo, kwa furaha. Faili ya Chola aliisukuma nyuma kwa vidole viwili.

"Inawezekana," akasema. "Lakini ametibiwa karibu mwaka. Hata nikimpiga leo na klishe ikatoka safi, itaonyesha nini? Kwamba dawa imemponya. Na aliyetibiwa kifua kikuu, wale wa Ulaya hawamtaki."

"Lakini Dokta, hakuwa mugonjwa."

"Hilo utalionyesha namna gani?" Halafu akasema lile lililokuwa chini kabisa moyoni. "Nikiandika kwamba nilikosea huyu, vyeti vyangu vingine nani ataviamini?"

Sikumchukia. Mimi mwenyewe nilikuwa na hofu hiyohiyo. Lakini listi ilikuwa inafungwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, na siku ile ilikuwa Jumanne. Papa Mukendi alisema atashika mashine mwenyewe, niende Kasenga kumchukua Chola.

Nilipanda lori la wauza samaki, lililokuwa linarudi Kasenga na magunia ya unga. Tulikwama Kasomeno kutwa nzima kwa sababu ya gurudumu, na dereva alitumia muda huo kuniuliza kama mashine yangu inaweza kuona wivu kifuani mwa mke wake. Alhamisi asubuhi tukaiona Luapula, na Zambia ng'ambo yake, na majukwaa ya samaki waliotandazwa juani. Niliuliza nyumba ya shangazi yake Chola. Kila mtu aliijua, na kila mtu alionyesha kwa mkono bila kunisindikiza.

Shangazi alinipokea uani. Nikamwambia natoka dispanseri ya Lubumbashi, nimekuja kumwona Chola. Akaonyesha kibanda cha majani nyuma ya jiko.

"Iko kule. Usimukaribie sana, Papa. Iko na bugonjwa ya kifua. Shiye tunamuwekea chakula hapa ku mlango, anakamata mwenyewe."

Chola alikuwa amekaa kwenye kizingiti anasoma kitabu kisicho na jalada. Kichwa chake kilikuwa na nywele fupi, urefu wa kifundo cha kidole. Walimnyoa siku ya kuanza sindano, wakarudia kila mwezi, na zilikuwa ndiyo kwanza zinarudi. Sahani yake na kikombe chake vilikuwa pembeni, vimefungwa kitambaa chekundu ili mtu mwingine asivikosee. Alinitambua. Akasimama, akarudi nyuma hatua mbili ili asinipumulie.

Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya busara. Nilikaa chini kwenye vumbi, nikasema: "Mwanangu, ulikuwa hauko mugonjwa. Ilikuwa nywele yako. Ilianguka ku bega, mashine ikaiona. Miye njo nilipiga ile klishe. Nilikosa."

Alinitazama. Nikatoa klishe, nikaishika juani, nikamwonyesha mstari unaotoka nje ya bega. Alikuwa mtoto wa kemia. Hakuhitaji kuonyeshwa mara mbili.

"Sindano yote ile," akasema, "ilikuwa juu ya nywele?"

"Ndiyo."

Hakulia. Alitembea akapita mbele yangu, akapita mbele ya shangazi yake, akaingia jikoni. Akachukua kikombe cha watu wote, akachota maji kwenye mtungi wa watu wote, akanywa mpaka mwisho, macho yake kwa shangazi. Halafu akachota tena, akanywa tena. Shangazi ndiye aliyekaa chini na kulia, nguo yake mdomoni.

Nilipomweleza habari ya daktari na Jumatatu, Chola alishika nywele zake fupi. Alikuwa ameona haraka kuliko mimi. "Papa, kama tunataka Dokta aone, inabidi kivuli kirudie. Na nywele haiko."

"Tutaona kule," nikasema, nikairudisha klishe kwenye bahasha.

Tulirudi juu ya magunia ya samaki mkavu, sisi watatu, shangazi katikati. Jumamosi asubuhi tulifika dispanseri tunanuka hata wagonjwa wa kifua walijisogeza. Ngalula alikuwa uani anatungoja. Papa Mukendi alikuwa amempelekea habari. Wasichana wale wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Ngalula alimkalisha Chola kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama picha ya pasipoti, akatazama kichwa, akatazama picha tena.

"Nitaongeza," akasema.

Akamwomba shangazi mkasi, akakata mafungu ya nywele zake mwenyewe, za upande wa nyuma ambako hakuonekani. Akayaunganisha na zile fupi za Chola, fungu kwa fungu, akizungushia uzi mweusi wa baba yake, yule fundi cherehani. Ilichukua asubuhi nzima. Papa Mukendi alipika dawa juu ya mbabula, akaonja joto kwa kidole kidogo. Mchana, Chola alipoinuka kwenye ndoo, alikuwa yule wa kwenye picha, isipokuwa macho.

Nilimwita daktari. Alikuja kwa heshima ya Papa Mukendi, nadhani, si kwa kutaka. Nikampiga Chola nywele zikiwa begani. Nikampiga tena zimefungwa juu. Daktari aliingia nami chumba cha giza, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu aje. Tukainama juu ya beseni, vichwa vyetu karibu kugusana. Klishe ya kwanza: kivuli kikatokea juu ya pafu la kulia, laini, chenye mistari, palepale. Ya pili: pafu tupu.

Daktari alizishika zote mbili kwenye taa nyekundu. Nilisikia tu maji yanadondoka kutoka kwenye vibanio.

"Kyembe," akasema, "wako wangapi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelibeba toka Kasomeno. Tulitoka, tukafunga mlango wa mbele, tukashusha mafaili yote ya wasichana na ya wanawake wenye mhuri wa "Inapte" au dawa za kifua. Papa Mukendi alisoma majina, mimi niliweka klishe kwenye mwanga, daktari aliangalia. Mmoja, kwenye picha yake ndogo, alikuwa na kitambaa kichwani, nywele zote ndani, na makohozi yake yalikuwa mabaya kweli. Wa pili alikuwa amenyolewa. Wa tatu, mama mzee wa sokoni, ugonjwa wake ulikuwa wazi pande zote mbili. Tulikwenda hivyo mpaka faili ya mwisho. Hakukuwa na mwingine. Alikuwa Chola peke yake. Papa Mukendi alifunga kabati, akaegemea mlango wake, akasema, "Asante Mungu."

Daktari aliandika barua siku hiyohiyo. Hakuandika "huenda" wala "inaonekana". Aliandika kwamba alikosea, akaeleza kwa nini, akaambatanisha klishe tatu na picha ya pasipoti. Jumatatu alivaa koti, akaipeleka mwenyewe. Vyeti vyake viliaminiwa baada ya hapo kuliko vya wengine wote mkoani, lakini siku ile alikuwa hajui hilo.

Nafasi ya Ubelgiji ilikuwa imekwisha kwenda kwa mtu, na hakuna aliyefikiri kumnyang'anya. Iliyobaki ilikuwa ya Rumania, ambayo kila mtu aliikimbia kwa sababu ya kujifunza lugha mpya mwaka mzima kabla ya kufungua kitabu. Watu wa ofisini walimuuliza Chola kama anaitaka. Alijibu kwamba amekwisha jifunza kunyamaza mwaka mzima, kusema hakutamshinda.

Msimu uliofuata waliokuja hawakujaza hata kurasa chache. Miaka iliyofuata daftari moja lilitutosha misimu mitano, sita. Bursi za serikali zilikauka. Walioondoka waliondoka kwa mchango wa ukoo, au wa parokia, na wengi walipofika huko walibaki. Nilikuwa nakutana na wazazi wao sokoni, wananionyesha picha za wajukuu waliovaa kofia za sufu, wananiambia, "Atakuya mwaka ujao." Ngalula ni mmoja wa waliobaki. Anafundisha. Nilipostaafu aliniandikia kuuliza kama mlango bado hauna risasi.

Chola nilimwona mara moja tu tena, miaka michache kabla sijafunga kazi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, wanaume wa migodini kwenye benchi, na katikati yao mwanamke mwenye faili mkononi anangoja zamu yake. Alikuwa amerudi. Walikuwa wamempa kazi maabara, upande wa Kambove, na kila anayeajiriwa lazima apige radio. Alipoingia, alikuwa amekwisha funga nywele juu ya kichwa, amezikaza kwa kitambaa. Tulisalimiana. Nikampiga.

Wakati klishe inakauka nilimuuliza lile ambalo sikulisema Kasenga, wala uwanjani pa ndege. "Mwanangu, ulinikasirikia?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kutoa jibu la kukufurahisha.

"Nilikasirika, Papa. Mwaka ya kwanza kule, yote. Nilikuwa nalala na hasira, naamka nayo. Halafu masomo ikakuya nguvu sana, Papa, nikakosa nafasi ya kuiweka."

Akachukua klishe yake, akaiangalia dhidi ya dirisha kama mtu anayesahihisha mtihani, akaridhika, akaiweka kwenye bahasha. Daktari alipiga mhuri. Nilimsindikiza mpaka getini, basi ya Likasi, njia ya Kambove, ikaja, akapanda akapata kiti cha dirishani. Niliporudi ndani yule mwanaume aliyefuata alikuwa amekwisha vua shati, anatetemeka kwa baridi, akaniuliza kama kuna ubaya wowote, maana uso wangu ulikuwa umelowa. Nikamwambia hapana, baba, leo yote iko muzuri, simama hapa.